SOMO LETU: Kumiliki na Kutunza Motokaa na Pikipiki za Zamani

Katika miji yetu, na vijijini pia, ziko motokaa na pikipiki zilizotengenezwa kabla wengi wa wasomaji wetu hawajazaliwa. Nyingine zimelala nyuma ya nyumba, zimefunikwa kwa magunia, na kuku hutaga mayai juu ya viti vyake. Nyingine huendeshwa kila Jumapili, nazo hung'aa kana kwamba zilitoka kiwandani jana. Tofauti baina ya hizi na zile si umri, wala si utajiri wa mwenyewe peke yake. Tofauti ni matunzo. Wahenga walisema, “Ukiona vyaelea, vimeundwa.” Nasi twaweza kuongeza kwamba hata kilichoundwa vizuri hakiendelei kuelea kisipotunzwa.

Somo hili ni la mtu aliyerithi chombo cha baba yake, au anayetaka kununua kimoja ili akitengeneze kwa mikono yake wakati wa mapumziko. Kazi hiyo inapendeza, nayo humfundisha mtu ufundi na subira. Walakini yafaa kusema wazi tangu mwanzo: kazi hii ikifanywa bila maarifa yaweza kula karo ya watoto, na breki ya zamani isiyoangaliwa yaweza kuua mtu. Kwa hiyo msomaji na asome pole pole, na mwisho ajipime kwa maswali yaliyo chini ya somo hili.

CHOMBO CHA ZAMANI NI KIPI?

Si kila gari bovu ni gari la zamani lenye thamani. Chama cha kimataifa kiitwacho FIVA, kilichoanzishwa mwaka 1966, husema kwamba chombo cha kihistoria ni kile chenye umri wa miaka 30 au zaidi, kilichohifadhiwa katika hali yake ya asili, na ambacho hakitumiki kwa safari za kila siku. Maana yake ni kwamba umri peke yake hautoshi. Hapana budi pawe na mtu aliyekihifadhi.

Nchini Kenya mapenzi haya yana historia ndefu. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, ili kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963 zilianza motokaa 84, zikamaliza 7 tu, na ya kwanza ilikuwa Peugeot 404. Aina hiyo ilishinda tena mwaka 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1965 mshindi alikuwa Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho aliyejifunza ufundi katika gereji ya baba yake. Yeye na ndugu yake Jaswant waliendesha Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya; ilikuwa imekwisha kutumika katika mashindano kabla hawajaipata. Mafunzo ya ushindi huo ni dhahiri: chombo kilichotumika, kikishikwa na fundi anayekijua, chaweza kukishinda chombo kipya.

Tangu mwaka 1970 yako pia mashindano ya uzuri na utunzaji wa motokaa na pikipiki jijini Nairobi, yajulikanayo kama Africa Concours d'Elegance. Huko waamuzi hawaangalii rangi tu. Huinama wakatazama chini ya gari, hufungua boneti, na huuliza kama taa zinawaka. Na mwaka 2003 yalianzishwa mashindano ya Safari kwa magari ya zamani, kukumbuka miaka 50 ya yale ya kwanza.

KABLA YA KUNUNUA

Jambo la kwanza ni karatasi. Tazama namba iliyopigwa kwenye fremu na namba ya injini, uzilinganishe na zile zilizoandikwa katika kitabu cha gari. Zikitofautiana, usitoe hata shilingi moja mpaka upate maelezo yaliyoandikwa. Watu wengi wametumia fedha nyingi kukitengeneza chombo ambacho mwishowe hawakuweza kukiandikisha kwa jina lao.

Jambo la pili ni kutu. Injini iliyokufa yaweza kufufuliwa, bali fremu iliyoliwa na kutu ni ugonjwa mzito. Chukua bisibisi na ugonge pole pole chini ya sakafu, kando ya magurudumu, na pale ambapo springi zimeshikwa. Chuma kizima hulia. Chuma kilichooza hutoa sauti ya boksi la karatasi. Jihadhari sana na Land Rover za zamani. Mwili wake ni wa aluminiamu, ambayo haishiki kutu kama chuma, kwa hiyo mnunuzi huona milango mizuri akafurahi. Lakini fremu yake ni ya chuma, nayo huoza kimya kimya kutoka ndani. Kadhalika chombo kilichoishi Mombasa, Malindi au Lamu, penye hewa ya chumvi, kichunguzwe kwa makini zaidi kuliko kilichoishi Nakuru.

Jambo la tatu ni vipuri. Uliza kwanza kama vinapatikana, kisha ndipo uulize bei ya gari. Volkswagen ya mgongo wa kobe ilitengenezwa kwa miaka mingi sana, na ya mwisho ilitoka kiwandani huko Mexico tarehe 30 Julai, 2003, baada ya kutengenezwa zaidi ya milioni 21. Vipuri vyake bado vyapatikana. Lakini gari la aina ya adimu laweza kukaa miaka miwili likingojea kioo kimoja. Anayeanza na aanze na chombo cha kawaida.

MAMBO MATATU YA INJINI

Injini ya petroli, iwe ya mwaka 1950 au ya leo, yahitaji mambo matatu: petroli iliyochanganyika na hewa kwa kiasi, mgandamizo ndani ya silinda, na cheche ya moto kwa wakati wake. Ikikataa kuwaka, basi mojawapo limekosekana. Fundi mwenye akili hafungui injini nzima. Hutafuta ni lipi kati ya hayo matatu.

Aanze na cheche, kwa kuwa ndiyo rahisi kupima. Katika vyombo vya zamani umeme wa cheche hukatwa na vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana na kuachana, ambavyo mafundi huviita pointi. Nafasi kati yake ni ndogo mno. Katika Volkswagen tuliyoitaja ni karibu sehemu 4 za milimita iliyogawanywa mara 10, nayo hupimwa kwa geji nyembamba za chuma. Pointi zikiungua au nafasi ikipungua, injini hukohoa na kukosa nguvu. Kazi ya kuzisafisha na kuzipima huchukua nusu saa, lakini watu wengi huuza gari kwa ajili yake.

Kisha na aitoe plagi aisome, kwa maana plagi ni ulimi wa injini. Ikiwa na rangi ya kahawia, injini ina afya. Ikiwa na masizi meusi makavu, petroli imezidi hewa. Ikiwa nyeupe kama chokaa, hewa imezidi au injini yapata joto mno. Ikiwa na unyevu wa oili, pengine ringi za pistoni zimechakaa. Msomaji akumbuke pia kwamba Nairobi iko juu kiasi cha mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani. Pikipiki iliyorekebishwa vizuri Mombasa yaweza kutoa moshi mweusi Nairobi, bila kuwa na ubovu wowote. Kabureta yake yataka kurekebishwa tu.

Petroli nayo huzeeka. Ikikaa miezi mingi ndani ya tangi, hubaki utomvu unaoziba matundu madogo ya kabureta. Chombo kitakacholala muda mrefu na kitolewe petroli, na betri yake iondolewe ihifadhiwe mahali pakavu.

MFANO WA PIKIPIKI: BSA BANTAM

Pikipiki ndogo iitwayo Bantam ilitolewa na kampuni ya BSA ya Birmingham, Uingereza, mwaka 1948, nayo iliendelea kutengenezwa mpaka mwaka 1971. Ya kwanza ilikuwa na injini ya sentimita 123 za ujazo na gia 3. Mchoro wake haukuwa wa Waingereza. Ulitokana na pikipiki ya Kijerumani, DKW RT 125, na baada ya Vita Kuu ya Pili mchoro huo ulichukuliwa kama fidia ya vita. Warusi waliutumia, na Wamarekani wa Harley-Davidson pia. Hata pikipiki ya kwanza ya Yamaha, ya mwaka 1955, ilifuata umbo lilo hilo. Basi anayejifunza Bantam amejifunza nyingi.

Injini hii haina valvu, wala haina oili yake peke yake kwa kulainisha pistoni na ekseli ya ndani. Oili huchanganywa na petroli ndani ya tangi. Hapa ndipo wengi huharibu. Petroli ikitiwa bila oili, pistoni hukwama katika silinda baada ya mwendo mfupi, na gurudumu la nyuma laweza kujifunga barabarani. Tuseme kitabu cha pikipiki chasema sehemu 1 ya oili kwa sehemu 24 za petroli. Mwenye lita 6 za petroli atazigawanya kwa 24, atapata robo lita ya oili. Apime kwa chombo cha kupimia, wala asikisie kwa macho. Achanganye katika mtungi, autikise vizuri, ndipo amimine tangini.

Yuko msafiri anayeteremka kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu, amefunga petroli kabisa, huku injini ikizungushwa kwa kasi na mteremko. Yeye adhani anaokoa fedha. Kumbe petroli isipoingia, oili nayo haiingii, na injini yazunguka ikiwa kavu. Katika mteremko mrefu na afungue petroli kidogo mara kwa mara, ili injini ipate kunywa.

MIFANO YA MOTOKAA

Volkswagen ya zamani haina maji wala radieta. Hupozwa kwa upepo wa feni. Feni hiyo huzungushwa na mkanda. Ikiwa taa nyekundu ya umeme itawaka ghafla njiani, dereva asiseme, “Nitafika kwanza.” Huenda mkanda umekatika, na bila feni injini itaungua katika muda mfupi. Asimame papo hapo aangalie. Injini hiyo huchukua oili lita 2 na nusu tu, kwa hiyo upungufu mdogo ni hasara kubwa; ipimwe kila juma.

Ziko pia motokaa zilizoathiriwa na mabadiliko ya petroli. Zamani petroli ilitiwa madini ya risasi, ambayo yalikinga vikalio vya valvu visichakae. Risasi hiyo hudhuru akili za watoto, nayo iliondolewa katika petroli ya nchi zilizo kusini ya Sahara kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Hilo ni jema kwa watu wote. Lakini Morris Minor na nyingine zenye kichwa cha injini cha chuma cha kalibu zaweza kuchakaa vikalio hivyo zikiendeshwa kwa kasi safari ndefu. Dawa ni fundi wa mashine kutia vikalio vigumu wakati injini inapofunguliwa. Hakuna haja ya kuifungua kwa ajili hiyo tu. Mwenyewe na apime nafasi za valvu mara kwa mara, na akiona zinazidi kupungua, ndipo ajue wakati umefika.

Neno moja juu ya umeme: magari na pikipiki nyingi za miaka ya 1950 hutumia volti 6, si 12. Mtu akifunga betri ya volti 12 bila kubadili vifaa vingine, ataunguza taa na huenda akawasha moto nyaya zilizochakaa.

BREKI, TAIRI NA USALAMA

Rangi ingoje, breki zisingoje. Motokaa nyingi za zamani zina breki za ngoma katika magurudumu yote, na bomba moja tu la mafuta ya breki kwa yote manne. Bomba hilo likipasuka, breki zote za mguu zimekwisha. Kwa hiyo mipira na mabomba yabadilishwe chombo kinapofufuliwa, hata kama yaonekana mazima, na mafuta ya breki yabadilishwe kila miaka 2, kwa sababu hunyonya maji kutoka hewani. Katika mteremko dereva ashuke kwa gia ndogo. Ngoma zikipata joto jingi hupoteza nguvu ya kushika.

Vumbi la breki za zamani lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu. Bitana za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake huleta maradhi ya mapafu ambayo hudhihirika miaka mingi baadaye. Lilowanishwe kwa maji, lifutwe kwa kitambaa, kisha kitambaa kitupwe mahali pa salama.

Tairi isihukumiwe kwa meno yake peke yake. Gari linalotembea Jumapili tu laweza kuwa na tairi yenye meno mazuri lakini yenye umri wa miaka 15, imekauka, tayari kupasuka. Tairi za siku hizi zina tarakimu 4 ubavuni: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi yenye 2318 ilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2018.

Na kila mtu aiweke kanuni hii nyumbani mwake: hakuna aingiaye chini ya gari lililoinuliwa na jeki peke yake. Liwekwe juu ya stendi za chuma au magogo imara yasiyoweza kupinduka, wala si mawe ya kujengea, ambayo hupasuka bila kutoa habari. Watoto wasicheze karibu, na petroli isiwekwe katika chupa za soda.

FEDHA NA DAFTARI

Waswahili husema, “Mali bila daftari hupotea bila habari.” Mpenzi wa vyombo vya zamani na awe na daftari lenye kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza uandikwe kazi zilizofanywa, tarehe na maili au kilomita. Ukurasa wa pili uandikwe fedha. Na kabla ya kununua chochote, akae na mkewe au mumewe wakubaliane kiasi kisichopitwa kila mwezi, baada ya chakula, karo na kodi. Mwezi ambao fedha hazikubaki, gari lilale. Chombo kilichongoja miaka 40 chaweza kungoja mwezi mmoja zaidi. Mtoto aliyefukuzwa shule kwa kukosa karo hawezi.

Zaidi ya hayo, asifungue chombo kizima kwa siku moja. Mara nyingi mtu hufungua kila kitu kwa furaha, kisha fedha humwishia, na vipande hupotea kimoja kimoja. Bandu bandu huisha gogo. Afungue sehemu moja, aipige picha, atie nati na bolti zake katika kopo lenye jina lililoandikwa, aitengeneze, airudishe, ndipo aende kwenye nyingine.

ELIMU YA WAZEE

Wako mafundi wazee ambao wanaweza kusikiliza injini kwa bisibisi iliyowekwa sikioni na kutaja ugonjwa wake. Wengi hawakuandika waliyojifunza. Magari ya siku hizi huchunguzwa kwa kompyuta, na vijana wa gereji hawapati nafasi ya kugusa pointi wala kabureta. Mzee wa namna hiyo akiondoka, vitabu haviwezi kurudisha alichokuwa nacho mikononi. Kwa hiyo mwenye chombo cha zamani asimwite fundi mzee afanye kazi peke yake huku yeye akinywa chai. Amwite pamoja na kijana mmoja, amlipe mzee haki yake kwa kufundisha kama kwa kutengeneza, na kijana aandike katika lile daftari.

Tena kanuni ya kawaida ya Kenya hairuhusu kuingizwa magari yaliyopita miaka 8 tangu kutengenezwa. Basi magari ya zamani tuliyo nayo ni yale yaliyozeekea hapa hapa, na kila moja linalokatwa kuwa chuma chakavu halirudi. Mwenye nalo nyuma ya nyumba, kabla ya kumwita mnunuzi wa vyuma, na alitazame mara ya pili.

MASWALI

Maswali haya yaweza kujibiwa na msomaji peke yake, au na kikundi kilichokusanyika kusoma pamoja.

1. Kwa nini Land Rover yenye milango mizuri yaweza kuwa mbovu?
2. Injini imekataa kuwaka. Ni mambo gani matatu utakayoyatafuta, na utaanza na lipi?
3. Una lita 12 za petroli, na kitabu chataka sehemu 1 ya oili kwa 24. Utatia oili kiasi gani?
4. Plagi ina masizi meusi makavu, na pikipiki imetoka Mombasa kuja Nairobi jana. Utafanya nini kabla ya kununua kipuri chochote?
5. Tairi imeandikwa 4109. Ilitengenezwa lini, nawe utaipanda ukiwa na watoto wako?
6. Ni nani katika mtaa wenu ajuaye kupima pointi, na ni kijana gani anayejifunza kwake?